Mkwe Niliyemhamishia Marekani

Nilimdanganya jirani yangu Benedikta kwenye mashine ya kusaga, siku ya Jumanne, debe langu la mahindi likiwa miguuni. Sikupanga kumdanganya. Tulikuwa kwenye foleni wanawake saba, mashine inanguruma, vumbi la unga limetukaa kwenye nyusi, naye akaniinamia karibu na sikio.

"Mama Hilary, nasikia Paskalina kapata mchumba wa nje."

"Kapata."

"Nje ya wapi? Maana hata Babati ni nje."

Wenzetu wakacheka. Nikatoa simu kwenye kanga nikamwonyesha picha ambayo mjukuu wangu Paskalina alinitumia. Ilikuwa picha ya kijana mweusi, mrefu, amevaa koti zito, amesimama kwenye theluji inayofika magotini, mikono juu, anacheka. Benedikta aliishika simu mbali na macho, kama tunavyofanya sisi tusio na miwani.

"Yesu wangu! Yote hii ni barafu? Basi huyu ni wa Marekani!"

Wakati huohuo mkanda wa mashine ukachomoka na kelele ikakatika. Wanawake wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ndiyo. Marekani."

Picha yenyewe ilipigwa Marekani kweli. Komlan, huyo mchumba, alikwenda huko miezi minne kujifunza habari za pampu za maji, kisha akarudi. Lakini kwao ni Togo, na Paskalina alikuwa ameniambia hivyo waziwazi tangu Pasaka, tukiwa tumekaa tunamenya vitunguu saumu uwanjani. Nilimuuliza, "Togo iko mkoa gani?" Akacheka mpaka akaangusha kisu. Akaniambia ni nchi, iko Afrika Magharibi, na kwamba Komlan alikuja Arusha kusomea maji katika chuo alichosoma yeye Paskalina, wakajuana hapo. Wakishaoana wangekwenda kuishi huko, kwa mama yake Komlan.

Paskalina nimemlea mimi. Baba yake, Hilary, ndiye aliyekuwa mtoto wangu wa kwanza, na alifariki msichana akiwa na miaka minne. Mama yake aliolewa tena Katesh. Kwa hiyo neno "kwenda kuishi huko" lilinikaa rohoni, na kesho yake nikaenda kwa mwalimu Isidori, ambaye amestaafu lakini bado anaitunza ramani ya dunia ukutani, imeshikwa na gundi kwenye mikunjo.

"Togo ni hii hapa," akasema, na ncha ya kalamu ikaifunika yote.

"Hiyo tu?"

"Nyembamba, Mama Hilary. Kama mkanda wa suruali. Na hii kubwa huku ni Marekani. Ukiichukua Togo, unaweza kuipanga ndani ya Marekani zaidi ya mara mia moja na hamsini."

"Na maisha je? Wana hali gani?"

Mwalimu Isidori akafikiri. Ni mtu asiyependa kumuumiza mwenzake. "Sisi na Togo," akasema, "ni kama majirani wawili wanaoombana chumvi. Leo anakuja yeye, kesho unakwenda wewe. Marekani ndiye mwenye duka."

Nilirudi nyumbani nikifikiria chumvi. Nilikuwa nimemsomesha mtoto kwa vitunguu na kwa ng'ombe watatu wa marehemu mume wangu. Binti yake Benedikta, Konsolata, yuko Ujerumani, na kila Krismasi tunaonyeshwa picha za nyumba yake na jiko lake linalowaka bila moto. Benedikta hajawahi kunitambia. Ni mimi niliyekuwa nikijilinganisha naye, kimyakimya, kila Krismasi. Ndiyo maana pale kwenye mashine neno lilitoka jepesi hivyo.

Nilidhani litaishia pale. Lakini kwetu Endagikot, hapa Mbulu, neno halikai mahali lilipotua. Kabla sijafika nyumbani na unga wangu, mke wa jirani yetu Joakimu alikuwa ameshaniuliza kama Mmarekani anakula ugali.

Kisha wema ukaanza kuja. Alhamisi Benedikta alileta godoro jipya, bado lina nailoni, lile alilotumiwa na Konsolata na ambalo hajawahi kulilalia mwenyewe. "Mgeni wa mbali hivyo asije akaumwa mgongo kwetu," akasema, akaniinamishia kichwa ili nilipokee. Jumamosi Joakimu aliwakusanya wanaume kumi na moja, wakabeba mawe na udongo kuziba mashimo ya njia yetu kuanzia barabara kuu hadi kwangu. Hakuna aliyewaomba. Zita wa ng'ambo ya mto alinipa vikombe vyake vyenye visahani, kila kimoja kimefungwa kwenye gazeti. Na mzee Gidabuday alikuja kutoka Dirma na asali ya kupikia pombe, dumu zima. Yeye ni mfugaji wa Kibarbaig, rafiki wa mume wangu tangu ujana, walikuwa wakitunziana ng'ombe. Ndiye peke yake ambaye hakuuliza habari za Marekani zaidi ya umbali wake.

"Marekani ni mbali?" alisema tu. "Kupita Singida?"

"Kupita sana."

"Basi kijana atafika amechoka. Asali itamsaidia."

Kila nilipopokea kitu nilisema asante. Ningeweza kusema ukweli siku yoyote kati ya hizo. Nilijiambia, kesho. Nilipoona mashimo yameshazibwa, nikasema basi haina maana kusema leo. Na Paskalina alipopiga simu kutoka Arusha kuniuliza maandalizi yanakwendaje, nilimwambia yanakwenda vizuri, watu wana upendo sana.

Walifika Alhamisi iliyofuata, saa nane mchana, kwenye gari ndogo ya kukodi: Paskalina, Komlan, na mama yake Komlan, ambaye jina lake ni Abla. Ilikuwa Julai, ile baridi yetu ya kuvaa masweta mawili. Uwanja ulikuwa umejaa.

Mama Abla alishuka amevaa kitenge juu na chini, na kilemba cha kitenge hichohicho, na kandambili miguuni, anatetemeka. Nikasikia watu nyuma yangu wanajiuliza.

"Mbona ni weusi kama sisi?"

"Marekani weusi wapo," Joakimu akasema kwa sauti ya mtu anayejua. "Tele. Walichukuliwa zamani, siyo kwa hiari yao."

"Maskini. Na mama kavaa kitenge."

"Kavaa kwa heshima yetu," akasema Benedikta, na machozi yakamlengalenga. "Mtu wa Marekani, anaacha suti zake, anavaa kitenge aje kwetu."

Mama Abla alikuja moja kwa moja kwangu. Mimi nilinyoosha mkono, yeye akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, akainamisha kichwa, akanisalimu kwa lugha yao. Ndivyo wanavyomsalimu mkubwa huko kwao, Paskalina aliniambia baadaye. Nilimshika mabega nikamwinua. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilivua kanga begani kwangu nikamfunika, naye akaishika mikono yangu na kuipumulia, kwanza ya kwangu, halafu ya kwake.

Nikaona, huyu mwanamke ni mwema. Na nilikuwa nimeshamfukuza nchini kwake kabla sijamkaribisha kwangu.

Walipoketi ndani, chai ikaletwa kwa vikombe vya Zita, na Benedikta, ambaye alijipa kazi ya kuwachangamsha wageni, akamgeukia Komlan. Komlan anajua Kiswahili, kile cha darasani, anachokitamka taratibu.

"Baba, huko kwenu Marekani ng'ombe mmoja anatoa lita ngapi?"

Kijana akaweka kikombe chini. Akamtazama Paskalina. Paskalina akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama sufuria.

Sijui Komlan aliona nini usoni mwangu. Akasema, "Nilipokuwa Marekani, niliona ng'ombe wa lita thelathini. Wakubwa sana. Wanakamuliwa na mashine."

"Thelathini!" watu wakasema.

Hakudanganya hata neno moja. Alilificha la kwangu tu, kijana ambaye nilikuwa nimemjua kwa saa moja. Benedikta akamshika mama Abla mkono, akamwinulia kidole gumba, akamwambia kwa furaha, "Amerika! Amerika nzuri! Karibu Mbulu!"

Neno hilo mama Abla alilielewa. Akamuuliza mwanawe kitu kwa lugha yao. Komlan akamjibu kwa kifupi, huku akitabasamu kwa ajili ya watu. Mama yake hakutabasamu. Aliangalia vidole vya miguu yake ndani ya zile kandambili, akavikunja, kama mtu anayetaka kuvificha.

Paskalina alinifuata jikoni. Alifunga mlango kwa mgongo wake.

"Bibi, nani kasema Marekani?"

"Mimi."

"Wewe?" Alidhani nitasema jina la mtu mwingine. Alikuwa amejiandaa kumkasirikia mtu mwingine. "Kwa nini?"

Nilimwambia habari za mashine, na ile picha. Nilipojisikia nikieleza, ilikuwa habari ndogo na ya kijinga.

"Uliionea aibu Togo," akasema, "au ulinionea aibu mimi?"

"Wewe hapana, mama."

"Mimi ndiye ninayekwenda kuwa mtu wa Togo, Bibi. Watoto wangu watakuwa wa huko." Sauti yake ilikuwa chini, kwa sababu ya wageni. "Mama Komlan ameuza mbuzi zake aje kukusalimu. Nimwambie nini?"

"Nitasema mwenyewe."

"Lini?"

"Kabla ya Jumamosi."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kwetu Wairaqw, msichana hatoki nyumbani bila slufay. Mzee mmoja husimama, akasema maneno ya baraka, marefu, na watu wote humwitikia. Huibariki njia ya msichana, na nyumba anayokwenda, na ardhi ya hiyo nyumba, kwa jina lake, na mvua yake na mito yake. Mzee wetu wa slufay ni shemeji yangu, Sebastiani, mdogo wa marehemu mume wangu. Tunakwenda kanisani, na padri ndiye atakayefungisha ndoa. Lakini hata padri anajua kwamba bila maneno ya Sebastiani, Paskalina angeondoka kwetu kama mtu aliyetoroka.

Ijumaa niliamka kusema. Nilipofungua mlango nikakuta uwanja umeshafagiliwa. Mama Abla alikuwa ameinama kwenye kona ya zizi na ufagio wangu, kanga yangu ameifunga kiunoni, anamalizia. Benedikta alikuwa amesimama njiani, ameisahau ndoo kichwani.

"Mama Hilary! Mmarekani anafagia!"

"Namwona."

"Na anafagia vizuri! Kuliko hata mkwe wangu wa kule Daudi! Kumbe watu hawa wana adabu, tunasingiziwa tu." Akaenda kuwaambia wengine.

Ndivyo Ijumaa yangu ilivyopotea. Mama Abla aliona moshi unaniumiza macho, akanisogeza kwa nyonga, akashika mwiko yeye. Hatukuwa na lugha. Alinionyesha kwa mkono namna wanavyosonga wao, mimi nikamwonyesha yetu, na ugali ukatoka wa katikati. Nilimtazama usoni mara nyingi nikitaka kuona kama anajua. Alikuwa anajua. Kila mtu alipopita na kusema Marekani, mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Nami nikanyamaza siku nzima, kwa sababu ilikuwa siku nzuri na sikutaka kuiharibu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya mwenyewe pia.

Jumamosi saa tisa, baada ya kula, wazee waliketi kwenye viti vya miguu mitatu upande wa jua, wanawake upande wa ukuta. Pombe ya asali ya Gidabuday ilikuwa tayari kwenye kibuyu kikubwa. Slufay ikiisha, mzee hunywa, kisha kibuyu huenda kwa mama wa bwana harusi, na akinywa basi ukoo wake umeipokea baraka. Paskalina alikaa katikati na Komlan, kitambaa cheupe begani. Hakuwa amenisemesha tangu asubuhi isipokuwa shikamoo.

Sebastiani akasimama. Ni mfupi, na ana kikohozi, lakini akianza slufay kikohozi humwacha. Anasema Kiiraqw kile cha wazee. Nitaandika kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza.

"Njia ya mtoto wetu iwe na umande," akasema.

"Iwe na umande," tukaitikia.

"Mwiba ulale chini anapopita."

"Ulale."

"Nyumba anayokwenda iwe na maziwa, na sauti ya mtoto, na mzee wa kumkanya mtoto."

"Iwe nayo."

Alikwenda hivyo muda mrefu, na sauti za watu zikawa kitu kimoja, na nikasahau kidogo. Kisha akaugeuza uso upande wa magharibi, akanyoosha mkono.

"Nchi ya Marekani," akasema, "mvua yake isimpige mtoto wetu."

"Isimpige."

"Mito ya Marekani imjue jina."

Watu wakaitikia. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nawaza kwamba Paskalina atajifungua Togo. Ataugua homa Togo. Atatembea kwenye njia za Togo gizani akitafuta mkunga, na maneno ya Sebastiani, yote haya mazuri, yatakuwa yanamlinda mahali ambapo hayupo. Mtu wa mjini atanicheka. Lakini mimi nilisemewa maneno hayo nikiwa na miaka kumi na saba, yalitaja kilima na kijito ninachokunywa mpaka leo, na sijui ningeishije bila kuyasikia.

"Ardhi ya Marekani impe..."

Nilisimama. "Shemeji, ngoja."

Mwanamke hamkati mzee kwenye slufay. Sijawahi kuliona hilo katika miaka yangu sabini na mitatu. Mwitikio ulivunjika vipandevipande, mtu mmoja bado akisema "impe, impe," peke yake.

"Mama Hilary," Sebastiani akasema bila kunitazama, "kaa chini."

"Siwezi. Unaibariki nchi isiyo yenyewe."

Nikawaambia. Nilisema kwa Kiswahili ili Komlan asikie. Nilisema kijana huyu ni wa Togo, na mama yake ni wa Togo. Marekani alikwenda miezi minne tu. Nilisema Paskalina hakujua, Komlan hakujua, ni mimi niliyewahamisha, kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu Togo ni ndogo na niliona itanishusha mbele yao. Mwalimu Isidori, ambaye alikuwa akijua tangu mwanzo na hakunisema kwa mtu, aliinamisha kichwa.

Joakimu ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hiyo mawe yote yale tumewabebea Togo?"

Vijana wakacheka. Mkewe akamfinya. "Nyamaza, hata wewe unapita hapohapo na baiskeli yako."

Benedikta hakucheka. Alikuwa ametulia, mikono mapajani. "Mama Hilary," akasema, "ungeniambia Togo, ningeleta godoro hilohilo."

Hakusema kwa hasira. Miaka arobaini tumechota maji pamoja, na nilikuwa nimemhesabu kuwa mtu ambaye angefanya vinginevyo.

Komlan alikuwa ameinama kwa mama yake, anamweleza taratibu. Nilitazama. Mama Abla alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaivua ile kanga yangu mabegani, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani. Sikujua maana yake ni kunirudishia au ni nini. Paskalina alikuwa amefunika mdomo kwa kile kitambaa cheupe.

"Haya," Sebastiani akasema mwishoni. Kikohozi kilikuwa kimemrudia, akakohoa. "Maneno yakishatoka hayarudi. Marekani wamepata mvua yao bila kuomba, hiyo ni bahati yao." Watu wakacheka kidogo, kwa woga. "Lakini mimi siwezi kubariki nchi nisiyoijua. Marekani tunaisikia redioni kila siku. Hiyo nyingine siujui hata mto wake. Nani ataniambia?"

Mwalimu Isidori alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani alifikiria mkanda wa suruali akaona haya.

Komlan alipomtafsiria, mama Abla akasimama mwenyewe. Alizungumza kwa lugha yao, akisimama kila baada ya maneno machache ili Komlan aseme kwa Kiswahili. Nilitegemea ataisifu nchi yake. Mimi ningeisifu, baada ya kutukanwa vile.

"Anasema tunakaa karibu na mlima. Unaitwa Agou. Siyo mrefu kama wenu wa Hanang."

"Anasema udongo ni mwekundu. Tunalima mahindi na viazi vikuu, na miti ya kahawa iliyozeeka. Mvua inakuja mara mbili kwa mwaka, siku hizi inachelewa."

"Anasema barabara ya kwetu inakatika wakati wa mvua. Hospitali ni mbali. Dada yake alifia njiani, amebebwa kwenye pikipiki."

"Anasema vijana wengi wanaondoka. Mimi niliondoka. Anashukuru kwamba narudi."

"Anasema hakuna theluji."

"Ehe," Joakimu akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Mbona hapo ni kama Dongobesh yetu."

"Na ng'ombe?" Gidabuday akauliza kutoka mwisho wa viti. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

"Ng'ombe ni wachache, mzee," Komlan akasema. "Kwa sababu ya mbung'o."

Gidabuday akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kama amesikia habari ya msiba. "Sebastiani," akasema, "hao wenye lita thelathini waache. Wabariki hawa."

Sebastiani akageuka tena magharibi. Akauliza jina la mto, Komlan akamwambia ni Mono. Akauliza la mlima mara ya pili, ili asikosee. Kisha akaanza upya, tangu umande. Hakuruka hata neno. Jua lilikuwa limeshashuka na baridi imeanza kuuma, na hakuna aliyeondoka.

"Mlima Agou umwekee kivuli mtoto wetu."

"Umwekee."

"Mono imjue jina."

"Imjue."

"Barabara yao isikatike siku anayoihitaji."

Hapo watu waliitikia kwa nguvu kuliko mahali pengine pote, wanaume waliobeba mawe ndio zaidi, na sauti ya Benedikta niliisikia juu ya wote. Mimi pia niliitikia, lakini sauti yangu haikutoka sawasawa.

Ilipoisha, Sebastiani alikunywa, akampelekea mama Abla kibuyu kwa mikono miwili. Alikipokea. Hakunywa. Alisimama nacho, akawapita wazee, akawapita wanawake wa ukutani, akaja mpaka nilipokuwa. Nilijua anaweza kukimwaga miguuni pangu na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Paskalina alikuwa ameinuka nusu.

Mama Abla alikunywa mbele yangu, polepole, mpaka koo lake likasikika. Kisha akanishikisha kibuyu. Nilipokuwa nakunywa akaikunjua kanga, akanifunika mimi, kwa maana nilikuwa natetemeka, akasema neno moja refu kwa lugha yao.

"Anasema nini?" nikamuuliza Komlan.

Komlan akasita. Alimtazama mama yake kuona kama kweli anataka lisemwe.

"Anasema, siku utakayokuja kumtembelea binti yetu, watu wa kwetu watauliza bibi huyu katoka wapi. Anasema atawaambia Mbulu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, hata Sebastiani. Paskalina alicheka huku analia, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, japo hakunisogelea. Mama Abla mwenyewe alikuwa anatabasamu. Mimi sikuweza. Nilisema kibuyu kimepungua, nikakichukua nikaenda nacho jikoni kukijaza, nipate mahali pa kuupeleka uso wangu.